Kuungama Dhambi: Nani Asikie, na Nini Kirudishwe

Kwaresima ikifika, foleni za maungamo hapa Kisumu hurefuka, na sisi tunaofundisha makatekista huanza kuulizwa maswali. Ni wachache wanaouliza kama kuungama ni lazima. Wengi wanataka kujua wamwambie nani.

Maandiko yanatoa zaidi ya jibu moja. Katika 1 Yohana 1:9 tunaungama kwa Mungu. Yakobo 5:16 inatutaka tuungamiane sisi kwa sisi. Wakatoliki huongeza Yohana 20:23, pale Yesu anapowapa mitume mamlaka ya kuondolea dhambi, na tangu Mtaguso wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215, Kanisa limedai mtu aungame angalau mara moja kwa mwaka. Waanglikana wengi huungama pamoja ndani ya ibada, ingawa kwao pia kuna nafasi ya kumwona kasisi faraghani.

Magharibi mwa Kenya tumeonja pia ungamo la hadharani. Mwaka 1927 uamsho ulizuka Kaimosi, kwenye misheni ya Waquaker, watu wakawa wanataja dhambi zao kwa sauti mbele ya wenzao. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ukaingia Nyanza uamsho mwingine, ule uliotoka Rwanda. Waliookoka, walioitwa kwa Kijaluo JoRemo (watu wa damu), walisimama mkutanoni wakaungama, kisha wakawarudishia wenyewe vitu walivyoiba.

Hilo la kurudisha nawavulia kofia. La kutaja kila kitu mbele ya kila mtu linanitia wasiwasi. Mwanamume akisimama kanisani na kusema amezini na mke wa jirani, ameungama dhambi yake na kuitangaza ya mwenzake, ambaye hakuulizwa na ambaye kesho yake lazima apite sokoni mbele ya macho yale yale. Busara ya kichungaji ni kwamba kosa la siri liungamwe kwa siri, na lililoumiza watu hadharani liombewe msamaha hadharani.

Tuseme sasa mweka hazina wa chama cha akina mama wauza omena pale soko la Kibuye amekula shilingi 6,000 za wenzake. Anaingia kuungama, anasema, "Padri, sikuwa mwaminifu." Hapo bado hajasema kitu. Padri anaweza kumuuliza alikosa uaminifu katika nini, mara ngapi, na ile pesa itarudi vipi. Dhambi kubwa hutajwa kwa aina yake na idadi yake, bila hadithi ndefu, na bila kuungama dhambi za mama mkwe, jambo linalotokea mara nyingi kuliko mnavyodhani.

Kuhusu siri, mama huyo asiwe na hofu. Kanuni ya 983 ya sheria za Kanisa inamkataza padri kumsaliti anayeungama, kwa neno au kwa njia nyingine yoyote ile. Padri anayeivunja siri hiyo waziwazi anajitenga na Kanisa papo hapo. Hata mwenyekiti wa chama aje na machozi, padri hana la kumwambia.

Lakini siri haimlipii mama deni. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8). Huyu wetu akirudisha zile 6,000, hata kwa mia mbili mbili kila wiki, atakuwa ametenda haki. Halazimiki kujianika: pesa inaweza kurudi kimyakimya mradi iwafikie wenyewe. Ila kama kuna mwanachama aliyesingiziwa wizi ule, kimya hakitoshi tena. Lazima atafute namna ya kumsafisha mwenzake jina, hata kama kwa kufanya hivyo atajulikana yeye.

Vijana huuliza kama inawezekana kuungama kwa simu au WhatsApp. Ushauri unaweza kuomba kwa njia hiyo. Sakramenti yenyewe ya kuungama, hapana, inahitaji wewe na padri muwe pamoja.

Ukiwa wa kanisa lisilo na sakramenti hiyo na unataka kumfungulia mchungaji moyo, muulize kwanza, kabla hujaanza, kama atayatunza utakayomwambia na kama kuna mzee wa kanisa anayepaswa kuarifiwa. Si kila kanisa lina sheria inayomfunga mchungaji mdomo. Na kwa Mkatoliki aliyekaa miaka bila kuungama na akasahau maneno: mwambie padri umesahau, atakuongoza.