Anayeshuka Sakafuni Amelipwa: Dhana Potofu Kuhusu Ngoma ya Wamisri

Mwaka wa kwanza nilioishi Kairo, nikiwa nimemfuata mume wangu aliyekuwa anasoma Al-Azhar, jirani wa ghorofa ya chini alinialika usiku wa hina wa binti yake. Viti vilisukumwa ukutani, zulia likakunjwa, wanawake wakajaa kuanzia sebuleni mpaka jikoni. Shangazi yake bi harusi, mama mtu mzima anayesumbuliwa na magoti, alivutwa mkono mara tatu akikataa. Mara ya nne akainuka, akachukua mtandio akaufunga chini ya kiuno, pale pale ambapo sisi tungefunga kibwebwe, akaanza. Nilimtazama miguu. Muda wote aliocheza hakutoka kwenye vigae viwili. Nyonga ilijibu kila pigo la tabla, ile ngoma ndogo ya mkononi, mabega yakatulia, macho yakamchekea mtu mmoja mmoja. Vigelegele vilivyopigwa vilikuwa vile vile vya kwetu Mombasa.

Mimi nilikuwa nimeshaona video nyingi za "ngoma ya Kiarabu", nikawa nangoja lini atapiga magoti na kujipinda mpaka nywele ziguse sakafu. Nikamuuliza jirani, ambaye sote tulimwita Tant kama anavyoitwa huko mama yeyote wa makamo. Akanishangaa. "Ya habibti, sakafuni? Huyo anayeshuka sakafuni amelipwa."

Tangu siku hiyo kila nikisikia watu wakiieleza ngoma ya Wamisri nalikumbuka jibu lake, kwa sababu yanayosemwa mengi si kweli, na mengine yanawavunjia heshima wanawake ambao hawakufanya lolote ila kufurahi nyumbani kwao.

"Kucheza sakafuni ndicho kilele cha ngoma ya asili"

Ngoma ya nyumbani inaitwa raqs baladi. Balad ni nchi, au mahali ulikotoka, na baladi ni kitu cha kwetu, cha kienyeji, kama vile mkate wa baladi. Huchezwa kwa miguu: nyayo zimelala chini, magoti yamelegea, uzito wote umeachiwa ardhi iubebe. Wamisri wanapomsifu mtu kwamba anacheza vizuri wanatazama uzito huo. Pigo zito la tabla linapoanguka, nyonga nayo inaanguka. Huko ndiko kushuka kwenyewe, na kunatokea ndani ya mwili uliosimama.

Sababu nyingine ni za kawaida kabisa. Sebule ni ndogo. Galabia ni ndefu, na mwenye kuvaa kanzu anajua shida ya kupiga magoti ukaikanyaga. Tena aliyeinuka kucheza ni mgeni kati ya wageni, na baada ya dakika mbili atampisha mwingine. Akijitandaza sakafuni amechukua chumba chote.

Sasa huko sakafuni kulitoka wapi? Kulitoka kwa watu wa kazi. Mwaka 1834 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, aliwafukuza Kairo wanawake waliocheza hadharani kwa malipo, waliojulikana kama ghawazi, wakapelekwa miji ya kusini kama Esna, Qena na Aswan. Ndiyo maana mwandishi Mfaransa Gustave Flaubert, alipopanda mto Nile mwaka 1850, alimkuta mchezaji mashuhuri Kuchuk Hanem akiwa Esna. Aliandika alichokiona. Kikombe cha kahawa kiliwekwa chini. Kuchuk Hanem akakichezea mbele yake, akapiga magoti, kiwiliwili kikaendelea kucheza huku matoazi ya vidoleni yakilia na mikono ikipita hewani kama ya mtu anayeogelea. Kichwa kikashuka kidogo kidogo mpaka meno yakaukamata ukingo wa kikombe, kisha akainuka wima kwa mruko mmoja.

Hilo ni onyesho la ustadi, limefanywa na mwenye kulipwa mbele ya mgeni aliyekuja kutazama. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini ukimwambia yule shangazi wa usiku wa hina kwamba hiyo ndiyo baladi yake, hatakuelewa.

Kuna na shamadan, kinara kikubwa cha mishumaa kinachovaliwa kichwani kwenye zaffa, yaani maandamano ya kumsindikiza bi harusi. Hii ilikuwa kazi ya awalim, waimbaji na wachezaji wa harusi ambao miaka mingi makao yao yalikuwa Mtaa wa Muhammad Ali hapo Kairo. Wenyewe wanabishana hadi leo nani alikuwa wa kwanza kukibeba, Shafiqa al-Qibtiyya au Zouba al-Klobatiyya. Mchezaji anatangulia msafara, mishumaa inawaka, halafu mbele ya maharusi anaanza kushuka: goti moja, la pili, nyonga inagusa sakafu, miguu inapanuka, pengine analala ubavu, na wakati wote huo tumbo na kiuno havijaacha kucheza. Mtazamaji asiyejua anaangalia miguu. Anayejua anaangalia ndimi za moto zilizotulia juu kabisa, maana huko chini ameenda ili ionekane jinsi shingo na uti wa mgongo wake vilivyo imara. Bila kitu kichwani, safari ile ya sakafuni inapoteza nusu ya maana yake.

Na ile hali ya kwamba kila onyesho lazima liwe na sehemu ya sakafuni imetoka mbali zaidi, Marekani. Miaka ya 1960 na 1970, kwenye mikahawa na kumbi za New York na miji mingine ambako Wagiriki, Waturuki, Waarmenia na Waarabu walipiga muziki pamoja, ulijengeka mpangilio wa onyesho: kuingia, mtandio mkubwa, muziki wa polepole, sakafuni, tabla peke yake, kufunga. Ni sanaa ya Marekani yenye mizizi ya nchi nyingi, na ni nzuri kwa nafasi yake. Kosa ni kuibandika jina la Misri.

"Basi Mmisri wa kweli hashuki chini kamwe, ni mwiko wa tangu enzi"

Wapo waliokimbilia upande huu, hasa walimu wa madarasa ya Ulaya wanaotaka kujitenga na mtindo wa Marekani. Nao wamekosea. Shamadan peke yake inatosha kuwajibu, na mchezaji kama Nadia Hamdi aliendelea kuionyesha, na sakafu yake, mpaka mwishoni mwa karne ya 20. Kilichopunguza kucheza chini kwenye majukwaa ya Kairo kwa sehemu kubwa ni serikali. Kuanzia miaka ya 1950 wachezaji walitakiwa kuwa na leseni na kufunika tumbo, walau kwa kitambaa cha wavu, na wakaguzi walifika kumbini kutazama mavazi na miondoko. Kujilaza sakafuni kulihesabiwa kati ya miondoko ya kutiliwa shaka. Amri ya ofisini ikirudiwa miaka 50 watu huanza kuidhani mila.

Ila sehemu moja sakafu ina maana nyingine kabisa: zar, ngoma ya kutuliza majini waliompanda mgonjwa. Huko mwanamke anaweza kuzungusha kichwa mpaka akaanguka kwa magoti, na wenzake wakamshika asiumie. Sisi wa pwani wenye ngoma za pepo hatuhitaji kuelezwa tofauti ya mgonjwa na mchezaji. Nikiona mtu jukwaani anarusha nywele na kutangaza "hii ni zar ya Misri" huwa nasikitika.

"Ilibuniwa kumtongoza mwanamume"

Dhana hii ndiyo inayoniuma zaidi. Ilipikwa na wageni. Wachoraji wa Ulaya, kama Jean-Léon Gérôme kwenye mchoro wake maarufu wa 1863, walimchora mchezaji wa Misri mbele ya wanaume waliokodoa macho; Wafaransa wakaiita "ngoma ya tumbo"; kisha maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893 yakaifanya kivutio cha tiketi, na jina hilo likasambaa dunia nzima. Waarabu wenyewe kwa kawaida hawaiiti kwa jina la kiungo cha mwili.

Nenda kwenye usiku wa hina, au kwenye subuu, sherehe ya siku ya saba ya mtoto. Anayechezewa ni mama mzazi, bibi, jirani. Watoto wa kiume na wa kike wanajifunza humo humo kwa kuangalia. Wanaume nao wanacheza, barabarani, harusi ikiwa imefunga mtaa, kwa nyonga zile zile, na mjomba wa bwana harusi ndiye mara nyingi anayeshangiliwa zaidi. Mtu aliyekulia kwenye chakacha atalielewa hili mara moja: kiuno kinaweza kuwa furaha, umahiri, hata utani wa mtu na wifi yake, bila mwanamume yeyote kuwamo.

"Ni ngoma ya Mafarao, haijabadilika miaka elfu"

Kwenye jumba la makumbusho la Turin, Italia, kuna kigae cha jiwe kilichochorwa mchezaji wa Misri ya kale amejipinda nyuma mpaka mikono imegusa ardhi. Picha nzuri ajabu. Haithibitishi kwamba alikuwa anacheza baladi. Kati yake na sebule ya Tant kumepita lugha, dini, ala na watu wapya.

"Vazi la asili ni vipande viwili vyenye shanga"

Vazi hilo ni la jukwaani. Mwaka 1926 Badia Masabni, mwanamke mwenye asili ya Shamu, alifungua ukumbi wake Kairo, na ndani ya kumbi za namna hiyo raqs sharqi, yaani ngoma ya mashariki, ile ya jukwaani, ilipata sura tunayoijua: mchezaji anaingia kwa kuzunguka jukwaa zima, mikono imeinuka, ananyanyuka kwa ncha za vidole kama mcheza baleti, na vazi limefuata picha za Ulaya na Hollywood. Tahia Carioca na Samia Gamal walipita mikononi mwa Badia kabla ya filamu kuwapeleka kila pembe ya ulimwengu wa Kiarabu. Nyumbani vazi la ngoma ni nguo uliyokuja nayo, na mtandio wa nyonga.

Ngoma za jukwaani zinazoitwa "za kiasili" nazo zichukuliwe kwa uangalifu. Mahmoud Reda alianzisha kikundi chake mwaka 1959, pamoja na kaka yake Ali na Farida Fahmy, akazunguka vijijini kutazama watu, kisha akatunga. Ngoma ya milaya, lile shuka jeusi walilojifunga wanawake wa mjini, ni utunzi wa jukwaani. Wanawake wa Alexandria walilivaa kwenda sokoni. Fimbo ndiyo yenye mizizi mirefu: tahtib, mchezo wa wanaume wa kusini, uliingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2016, na wanawake wanaoichezea fimbo hiyo wanaizungusha kwa ulaini kumtania mwanamume na ukali wake.

"Haina kanuni, ni kutikisika tu"

Ina kanuni, ila zimo masikioni. Chukua taqsim baladi, uti wa mgongo wa mtindo huu mjini. Akodiani inaanza peke yake, bila mdundo. Ala hii ilitoka Ulaya, na mafundi wa Kairo wakaitengeneza upya sauti zake ili itoe robo tuni za maqam, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Mchezaji hapa hafanyi mengi. Nyonga inachora duara polepole, kwa sababu hakuna bado pigo la kujibu. Kisha tabla inaingia kwa kuuliza: akodiani inasema neno, tabla inakata, akodiani inasema tena, tabla inakata. Nyonga inajibu kwenye kile kikato. Ndipo mdundo wenyewe unapofunguka, mzito, dum dum, teka-tek, dum, teka-tek, na hapo watu wanapiga makofi kwa sababu kile walichokuwa wakikingoja kimefika. Baadaye mwendo unaongezeka.

Anayecheza kwa nguvu tangu sauti ya kwanza ameshakosea, hata awe na miondoko mia. Kurudia mwondoko mmoja mara kumi si umaskini, maadamu muziki nao unarudia. Mkono ukienda kifuani au kichwani mara nyingi umefuata neno la wimbo, kwa hiyo asiyejua maneno anaweka mkono kifuani mwimbaji akitaja macho. Na mchezaji akipendeza watu humtunza: nuqta, fedha ya harusi, inarushwa au inawekwa, kama tunavyomtunza mwimbaji wa taarabu. Udugu huo si wa bahati. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 mpaka 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim Kairo akajifunze muziki, na kanuni aliyorudi nayo, ile ala ya nyuzi, ndiyo bado inalia kwenye taarabu yetu.

Kanuni ya mwisho ya uchezaji niliiona usiku ule ule wa hina, na ni kinyume cha video zote. Kwenye onyesho kuna kufunga: pigo kubwa, mkono juu, makofi. Shangazi yake bi harusi hakungoja wimbo uishe. Katikati ya ubeti, magoti yalipochoka, alifungua mtandio, akamrushia binti wa dada yake, akaendelea kutikisa bega moja huku anarudi kitini kutafuta viatu vyake.