Malaria ni pozitivu. Na presha je?

Wiki hii nimelisikia tena, na safari hii kutoka kwa mtu aliyesomea kazi hii: "Mama alikuja na kichwa, tukapima malaria, ikapatikana, tukampa dawa akaenda nyumbani." Mama mwenyewe ana mimba ya wiki 34. Nikauliza presha ilikuwa ngapi. Kimya. Nikauliza mkojo. "Lakini sista, si malaria tumeshaipata?"

Nimechoka kulieleza hili kwa mtu mmoja mmoja kwenye korido, basi naliandika.

Tuelewane kwanza. Sisemi malaria ni mchezo. Tuko Kisumu hapa, si Nyeri. Ukanda wa ziwa ndio unaoongoza Kenya nzima kwa malaria, na kwa mjamzito inanyonya damu, inazalisha watoto wenye uzito mdogo, na inaua. Ndiyo maana kliniki tunawapa vile vidonge vitatu vya SP, dawa ya kukinga malaria, kuanzia wiki ya 13, na kuvirudia kila ziara mradi wiki nne zimepita (isipokuwa anayemeza Septrin kila siku, huyo hapewi). Meza mbele ya muuguzi, lala ndani ya neti. Hilo mnalijua, tuendelee.

Kinachonikera ni jinsi watu wanavyokisoma hicho kipimo. Mtu aliyezaliwa Nyalenda au Ahero ameumwa na mbu tangu utotoni, na mwili wake umezoea kiasi cha kubeba vimelea bila kuugua. Pima foleni nzima ya wajawazito waliokuja kliniki bila kulalamika chochote, na wapo watakaotoka pozitivu. Halafu kile kipimo cha haraka hakitafuti kimelea chenyewe, kinatafuta protini yake, na aina tunayotumia zaidi huendelea kuiona protini hiyo wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Aliyetibiwa vizuri mwanzoni mwa mwezi anaweza kuonyesha mistari miwili mwishoni mwa mwezi. Kinyume chake pia kipo: vimelea hujibanza kwenye kondo la nyuma, damu ya kidoleni ikaonekana safi kabisa.

Kwa hiyo kipimo kikitoka pozitivu kinasema vimelea vipo, au vilikuwepo juzijuzi. Hakijasema ndivyo vinavyomuumiza kichwa. Ukikamata mwizi mmoja bomani, bado hujajua waliingia wangapi. Mtibu malaria yake, naam. Kisha chukua mashine ya presha. Ama chukua mashine kwanza, kwa sababu inachukua dakika tano tu.

Namba zenyewe nitazipitia haraka. Baada ya wiki 20, 140 ya juu au 90 ya chini, ikirudiwa baada ya saa nne na bado iko hapo, hiyo ni presha ya mimba. Ikifika 160 au 110 usisubiri saa nne. Unarudia baada ya dakika chache na unaanza kuishusha. Dalili mbaya ni kichwa kisichosikia Panadol, macho kuona vimulimuli au ukungu, na maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, yale ambayo pale kemisti yanauziwa dawa ya vidonda vya tumbo. Presha haileti homa, kweli, lakini mama anaweza kuwa na vyote viwili. Na miguu kuvimba peke yake haisemi mengi, iwe anabeba mvulana, msichana au pacha. Habari za chumvi na mawazo kuleta presha tutazizungumza siku nyingine nikiwa na subira.

Kuhusu kupima. Mama ametembea juani kutoka stejini, amepanda ngazi, amefika anahema, na hapohapo anafungwa mkanda huku akiulizwa jina la mume. Hiyo namba ni ya ngazi. Mkalishe, ategemeze mgongo, miguu chini, mkono usawa wa moyo, na asizungumze. Mkono mnene unataka mkanda mkubwa, la sivyo utasoma juu kuliko ilivyo. Tena nimefungua vitabu vya kliniki vyenye 120/80 mwezi wa nne, 120/80 mwezi wa sita, 120/80 mwezi wa nane. Mwili gani huo, wa sanamu? Mtu aliyeandika vile hakupima, alinakili.

Kijiti cha mkojo nacho kina visa vyake. Sisi wa zamani tulifundishwa kwamba bila protini kwenye mkojo hakuna ugonjwa. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kiliondoa sharti hilo, na wengine wakafuata: presha ikiwa juu na ini, figo, chembe sahani za damu (zile zinazogandisha damu) au kichwa vimeanza kulalamika, inatosha. Bado naona mama mwenye 150/100 na vimulimuli akirudishwa nyumbani kwa kuwa kijiti ni safi. Na kijiti chenye protini kinaweza kuwa kimechafuliwa na ute tu. Kijiti ni msaidizi, si hakimu.

Sasa degedege, ambalo presha ya mimba ikizidi huweza kulileta. Mjamzito akianguka na kutupa miguu na mikono, mtaani utasikia "malaria imepanda kichwani", au amerogwa, na wengine watamwita nyamrerwa, mkunga wa jadi, kwanza. Kazini kwetu kanuni ni moja: mimba imepita wiki 20, ameanguka, basi ni kifafa cha mimba hadi tuthibitishe vingine. Mlaze ubavu, hakikisha anapumua, kisha magnesiamu salfeti: gramu 4 polepole mshipani, na gramu 5 kwenye kila tako. Sukari ya damu na slaidi ya malaria vipimwe sambamba, na malaria kali ikipatikana apewe artesuneti pia. Sindano hizo zidungwe zahanati huko Katito au Muhoroni, kabla ambulansi haijawashwa kuja hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ambayo sote tunaiita Russia. Anayepandishwa garini bila dozi anaweza kuanguka tena njiani.

Najua wengi wanaiogopa magnesiamu na kukimbilia Valium. Utafiti wa Magpie wa mwaka 2002, wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa inapunguza uwezekano wa kifafa kwa zaidi ya nusu kwa wenye presha ya mimba. Kwa aliyekwisha anguka, inaishinda Valium katika kuzuia degedege la pili. Kabla ya kila dozi inayofuata gonga goti uone linaruka, hesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, na kalsiamu glukoneti, ile ya kuizima magnesiamu ikizidi, iwe kwenye trei, si stoo iliyofungwa kwa kufuli.

Kuna mahali hata mimi nakwama. Presha kali inayoharibu ini, kuvunja chembe nyekundu na kushusha chembe sahani inafanana mno na malaria kali kwenye karatasi za maabara. Macho ya manjano, damu kidogo, chembe sahani chini, mama hajitambui, na slaidi ina vimelea. Usiku wa manane huwezi kuvitenganisha, unatibu vyote viwili. Wapo hata wanaoshuku kwamba malaria ya kondo la nyuma yenyewe inachangia presha, na mjadala huo haujaisha.

Tiba kamili ni mama kuzaa, hapo hakuna ubishi. Ikifika wiki 37 mzalishe. Lakini wiki 31, presha inapanda na kushuka, na vitanda vya watoto njiti vimejaa? Unampa deksamethasoni ya kukomaza mapafu ya mtoto, unampima kutwa kucha, na unajiuliza kama siku moja zaidi ni ya mtoto au ni ya kumpoteza mama. Vitabu vinaandika hapo kwa uhakika ambao mimi sina.

Aliyewahi kupata presha ya mimba aje mapema mimba ijayo, tumwanzishe aspirini ndogo kuanzia wiki ya 12. Si ya maumivu, ni ya kuikinga presha isirudi, asiiache kwa kuwa haumwi.

Na kujifungua hakufungi hesabu. Kifafa hiki huja hata baada ya kuzaa, hasa siku za mwanzo, ingawa tunakiangalia hadi wiki sita. Mzazi wa siku nane anayelalamika kichwa huko Manyatta, mama mkwe anatuma mtoto akanunue dawa ya malaria. Mama mkwe, tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamegawiwa mikoba yenye mashine ya presha. Mpigie wa mtaani kwako aje ampime. Akikwambia betri imekwisha, pandeni boda mwende zahanati, na msikubali atobolewe kidole halafu aruhusiwe kwenda kabla hajafungwa mkanda mkononi.