Diski ikifa kwenye Ceph, data haisubiri diski mpya

Wasimamizi wengi wa seva huamini kwamba diski ikiharibika kwenye mfumo wa hifadhi uliosambazwa, kama Ceph, nakala iliyopotea hairudi mpaka diski mpya ichomekwe. Imani hiyo ina chimbuko: kwenye RAID (mpango wa kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja) isiyo na diski ya akiba, ndivyo ilivyo.

Ceph ina utaratibu wake. Kwa mipangilio ya kawaida kila kipande cha data kina nakala 3 kwenye seva tofauti. Diski ikizimika, mfumo huisubiri sekunde 600, kisha huiondoa kwenye hesabu na kuanza kujaza pengo kwenye diski zilizobaki, mradi nafasi ipo. Nafasi ndiyo ya kuangalia kwanza, kabla ya kukimbilia dukani.

Hakikisha mwenyewe: andika ceph -s, utazame idadi ya "degraded", yaani data iliyopungukiwa nakala, ikishuka. Amri ya ceph osd tree itakuonyesha diski iliyo "down" (iliyozimika), namba yake na seva yake. Kabla ya kuichomoa, endesha ceph osd safe-to-destroy ukitaja namba hiyo, uone kama ni salama kuiondoa, kisha linganisha namba ya kiwandani ya diski hiyo na iliyo kwenye lebo. Hapa tafadhali usiharakishe: ukichomoa diski nzima ukaacha mbovu, umepunguza nakala nyingine.