Junior Wells pale Theresa's, 1975

Wanafunzi wangu wa harmonika wakiniuliza waanze na albamu ipi ya Junior Wells, mwimbaji na mpiga harmonika wa bluzi wa Chicago, hutarajia nitaje Hoodoo Man Blues ya 1965. Ni nzuri, sibishi. Mimi nawapa Live at Theresa's 1975.

Theresa's ilikuwa baa ya chini ya ardhi, upande wa kusini wa Chicago, bendi na wateja karibu wagusane. Redio ya WXRT ilirekodi humo, na kampuni ya rekodi ya Delmark wakaja kuitoa albamu mwaka 2006, Wells mwenyewe alishafariki tangu 1998. Nawashukuru kwa kutofyeka soga. Unamsikia akitaniana na wateja, hata wimbo wa siku ya kuzaliwa umo.

Wells hakuwa mtu wa kumwaga noti. Anaimba mstari, ananyamaza, kisha anachomeka pumzi mbili tatu, basi. Ukishika harmonika ya ufunguo wa A, bluzi unaipiga kwenye ufunguo wa E: tundu la pili ukilivuta, yaani ukivuta pumzi ndani kupitia hapo, linakupa E yenyewe, la tatu linakupa G shapu, na ukirudisha ulimi nyuma huku unavuta, sauti inateremka hadi G. Kule kuteremka ndiko kunakoliza. Ukipuliza matundu hayohayo, noti haipindiki. Wanaoanza hupuliza mno, halafu wanashangaa mbona inatoka kama wimbo wa chekechea.

Kwenye albamu umo pia Juke, kibao kilichompaisha mpiga harmonika Little Walter mwaka 1952 hadi akaiacha bendi ya mwanabluzi Muddy Waters. Aliyechukua nafasi yake ni huyuhuyu Wells, hata miaka 20 hajafikisha. Walter alikuwa akiteleza kama mpiga saksafoni. Wells anakatakata, anapiga kama anavyoongea.

Harmonika alivyoipata ni kisa alichokisimulia mwenyewe: alifanya kazi kwenye lori la soda wiki nzima, akalipwa dola 1.50, na duka linataka 2. Akaacha hela mezani, akaondoka nayo. Akashtakiwa, na mahakamani hakimu akamwambia apige, kisha akatoa senti 50 mfukoni mwake.

Anayetaka kulinganisha atafute It's My Life, Baby! ya 1966. Sehemu yake ilirekodiwa Pepper's Lounge, klabu nyingine ya Chicago, Buddy Guy akiwa kwenye gitaa, na ukiwa na spika nzuri utasikia jinsi wawili hao wanavyopishana bila kukanyagana.