"Padri, Nilikosea Wapi?" Kuhusu Sala Isiyojibiwa

Wiki ya tatu baada ya mazishi nilikwenda kumtazama mama mmoja wa kanisa letu, nyumbani kwake Mwanakwerekwe. Nilimkuta mkekani, amejitanda kanga, na mbele yake kichupa cha mafuta ya sala kilichobaki nusu. Mwanawe aliumwa miezi minne. Mama alifunga, alikesha, na kila mgeni aliyeingia alimwombea mtoto. Akanisogezea kile kichupa. "Padri, nilikosea wapi? Wameniambia imani yangu ilikuwa ndogo."

Swali hilo nalisikia mara nyingi hapa Unguja, na Pemba nimekutana nalo pia, kwa hiyo nalijibu hadharani. Anayemwambia mfiwa maneno hayo, hata kama ameshika Biblia, anamrundikia msiba juu ya msiba, na Biblia yenyewe haimuungi mkono.

Tuanze na Paulo. Katika 2 Wakorintho 12 anasema alimsihi Bwana mara tatu amwondolee mwiba uliokuwa mwilini mwake. Mwiba haukuondoka, alichopata ni neno: "Neema yangu yakutosha." Huyu ndiye Paulo ambaye leso zilizomgusa ziliponya wagonjwa, na bado alimwacha mwenzake Trofimo kule Mileto akiwa mgonjwa. Hakuandika kwamba Trofimo hana imani. Timotheo naye, aliyekuwa akiugua tumbo, alishauriwa kutumia mvinyo kidogo, dawa ya siku zile. Basi akija mtu kukuambia uache vidonge vyako vya presha au sukari ili uonyeshe imani, usimsikilize. Yakobo 5 inawaagiza wazee wa kanisa wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta, haijamkataza dawa.

Zito zaidi ni Gethsemane. Katika bustani hiyo Yesu aliomba kikombe, yaani mateso yaliyokuwa mbele yake, kimwepuke, akarudia mara tatu, na kulipokucha akasulubiwa. Imani ya nani ilipungua pale? Waebrania 5:7 inasema alimlilia yule awezaye kumwokoa na mauti, na kwamba alisikilizwa. Alisikilizwa, na akafa. Mstari huo hunifikirisha sana. Ufufuo ulikuja kweli, lakini ulipitia kaburini.

Yapo maombi ambayo Biblia inaeleza kwa nini yamekwama: Yakobo 4:3 inataja kuomba kwa tamaa, na 1 Petro 3:7 inamwonya mume asiyemheshimu mkewe. Kwa maneno hayo kila mtu ajipime mwenyewe. Si fimbo ya kumchapia jirani.

Sisi wa hapa tuna mahali pa kuyawazia haya. Kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini limejengwa palipokuwa soko la watumwa, na ndani yake umo msalaba uliochongwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, alikofia mmisionari David Livingstone tarehe 1 Mei 1873. Alitaka sana biashara ile ya watumwa ikome. Soko lilifungwa Juni mwaka huohuo, naye ameshakufa bila kujua. Lakini mimi huwafikiria zaidi waliouzwa pale, waliomlilia Mungu kwa lugha za kwao, ambao hata majina yao hatunayo. Utumwa wenyewe ulikuja kupigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897. Siwezi kusimama mahali pale nikasema kwamba aliyekwishauzwa alijibiwa kwa soko kufungwa. Kwa nini wao hawakuokolewa, sijapewa jibu, na padri anayejifanya analo anawadanganya watu.

Ninachoweza kufundisha ni kwamba kumlalamikia Mungu ni sala. Nabii Habakuki alimuuliza Mungu atalia hata lini bila kusikilizwa, na hakukemewa kwa kuuliza.

Siku ile kule Mwanakwerekwe nilimfungulia yule mama Zaburi 88. Jirani yake Muislamu, aliyekuwa amemletea uji, alikaa naye mkekani kimya. Mama akasoma polepole mpaka mwisho, akageuza ukurasa kutafuta faraja inayofuata. Haipo, zaburi ile inaishia gizani.

"Na hii nayo ni sala?"

"Ni sala, mama. Waisraeli waliiimba ibadani."

Akarudi mstari wa kwanza, akaisoma tena, safari hii kwa sauti.