Sanamu za Jenerali Lee mbele ya majaji wa Virginia: dhana potofu na ukweli

Mzozo kuhusu sanamu za majemadari wa majimbo ya kusini yaliyojitenga katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) huzungumzwa zaidi kama ugomvi wa historia. Mahakamani, hata hivyo, maswali yalikuwa makavu zaidi: sanamu ni mali ya nani, nani ana mamlaka ya kuiondoa, na kwa utaratibu upi.

Dhana: Halmashauri ya jiji ikishapiga kura, sanamu haina budi kuondoka.

Halmashauri ya Charlottesville, jiji la jimbo la Virginia, iliamua Februari 2017 kuiondoa sanamu ya Robert E. Lee, jemadari maarufu wa jeshi la kusini, iliyosimikwa mwaka 1924, lakini sanamu hiyo iling'olewa tarehe 10 Julai 2021. Walioitetea walikwenda mahakamani wakitegemea sheria ya jimbo iliyokataza serikali za mitaa kuondoa kumbukumbu za vita, na mwaka 2019 jaji akawapa zuio la kudumu. Kabla ya hapo aliamuru hata turubai jeusi, ambalo jiji liliifunikia sanamu baada ya mauaji ya Agosti 2017, gari lilipowagonga waandamanaji waliopinga wabaguzi wa rangi, liondolewe. Jiji lilitii, ingawa utii huo uliwakera wakazi wengi, na sioni sababu ya kuwalaumu kwa kukereka.

Dhana: Sheria ilikuwa upande wa watetezi wa sanamu.

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na zuio la mwaka 2019 liliipa nguvu. Jiji lilikata rufaa, na Aprili 2021 Mahakama ya Juu ya Virginia ikaisoma upya sheria yenyewe. Ilipotungwa mwaka 1904, sheria hiyo ilihusu kaunti peke yake. Majiji yaliingizwa mwaka 1997, na kwa maneno yake haikurudi nyuma kuzigusa sanamu ambazo majiji yalizisimika miongo mingi kabla. Kwa maneno mengine, jiji lilizuiwa kwa miaka kadhaa na sheria isiyolihusu. Wakati huohuo Bunge la Virginia lilikuwa limekwisha kubadili sheria, na kuanzia tarehe 1 Julai 2020 serikali ya mtaa iliweza kuondoa kumbukumbu za aina hii mradi itoe tangazo, isikilize wananchi hadharani, ipige kura, kisha ikae siku 30 ikiwapa makumbusho na taasisi nyingine nafasi ya kuiomba sanamu. Charlottesville, pamoja na kushinda rufaa, iliufuata utaratibu huo na kupiga kura tena Juni 2021. Wapo walioona ni kupoteza muda. Mimi naona ndiko kulikowaacha wapinzani bila hoja ya utaratibu siku winchi ilipofika.

Dhana: Ahadi iliyoandikwa katika hati ya kukabidhi mali hufunga vizazi vyote.

Sanamu ya Lee ya Richmond, mji mkuu wa Virginia, iliyozinduliwa mwaka 1890, ilikuwa mali ya jimbo, na hati za makabidhiano ziliahidi kwamba Virginia ingeilinda daima. Gavana Ralph Northam alipotangaza Juni 2020 kwamba itaondolewa, baadhi ya wakazi walizishika hati hizo. Tarehe 2 Septemba 2021 Mahakama ya Juu ilisema serikali haiwezi kulazimishwa milele kutoa ujumbe isiokubaliana nao tena. Siku sita baadaye sanamu ikashushwa.

Dhana: Waliojichukulia sheria mkononi wakiachiwa huru, kitendo chao kimehalalishwa.

Mfano unaotajwa ni wa Uingereza: sanamu ya mfanyabiashara ya utumwa Edward Colston iliyoangushwa Bristol Juni 2020. Washtakiwa wanne waliachiwa Januari 2022 na baraza la raia, ambalo halitoi sababu za uamuzi wake wala haliweki kanuni kwa kesi nyingine. Septemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa, bila kuugusa uamuzi huo, ilieleza kwamba haki ya kuandamana si kinga kwa anayeharibu mali kwa kiasi kikubwa.

Dhana: Sanamu ikiondolewa, kesi imekwisha.

Charlottesville ilipoikabidhi shaba ya Lee kwa kituo cha urithi cha Wamarekani weusi ili iyeyushwe, ilishtakiwa tena. Kesi hiyo ilipomalizika ndipo shaba ikaingia tanuruni, Oktoba 2023.