Kishikio Kinasingiziwa: Dhana Potofu Kuhusu Madirisha Yasiyofunga

Wiki hii nimeletewa vishikio vitatu vya madirisha, kila kimoja ndani ya mfuko wake. Waliovileta hawajuani, lakini maneno yao yalifanana kama waliyapanga: "Fundi, hiki kimekufa, nitafutie kingine kama hiki." Niliviweka mezani nikavizungusha kimoja kimoja. Vyote vizima. Kilichoharibika walikiacha nyumbani, kwenye dirisha.

Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote katika kazi hii: dirisha likikataa kufunga, kosa ni la kishikio. Najua inakotoka. Kishikio ndicho unachokishika, ndicho kinachogoma mkononi, basi ndicho kinachobebeshwa lawama. Lakini kishikio ni mpini tu. Nyuma yake kuna chuma cha mraba, ambacho kwenye madirisha mengi ya PVC huwa na upana wa milimita 7, nacho huingia kwenye giaboksi, yaani mtambo mdogo wa meno uliofichwa ndani ya bawa, ile sehemu ya dirisha inayofunguka. Giaboksi husukuma ufito ulio ubavuni mwa bawa, na ufito huo una pini zinazoteleza hadi kuingia kwenye vipokeo vilivyofungwa kwenye fremu. Pini ikikuta mdomo wa kipokeo uko wazi mbele yake, utafunga kwa vidole viwili. Ikigonga ukingo wa kipokeo, kishikio kitagoma hata kama umekitoa kwenye boksi dakika hii.

Kwa hiyo kabla hujagusa bisibisi, fungua dirisha. Likiwa wazi, zungusha kishikio kama unayefunga. (Madirisha yanayofunguka kwa ubavu na pia kuinamia ndani huwa na kilimi cha usalama ubavuni mwa bawa, kibonyeze kwanza, la sivyo kishikio hakitazunguka na utadhani kimekwama.) Kikienda laini hadi mwisho na pini zikisogea, kishikio ni kizima na giaboksi ni nzima, bawa na fremu ndivyo visivyokutana. Kikigoma likiwa wazi, hapo sasa tatizo liko kwenye bawa lenyewe, na bado huenda si kishikio. Kifungue, chomeka chuma cha mraba peke yake kwenye giaboksi, ukizungushe kwa koleo taratibu. Kikigoma, giaboksi ndiyo mgonjwa. Jaribio lote hilo ni la dakika chache, na karibu hakuna mteja anayelifanya kabla ya kwenda kununua.

Na kwa nini bawa likose fremu yake? Mara nyingi jibu ni uzito. Kioo chenye unene wa milimita 1 kina kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba. Maana yake kioo cha milimita 6 chenye ukubwa wa mita moja ya mraba kina kilo 15, na vioo viwili vya milimita 4 vilivyounganishwa vina kilo 20. Mzigo huo unaning'inia kwenye bawaba usiku na mchana. Skrubu za bawaba zikilegea, au riveti zake zikilika, kona ya chini upande wa kishikio hushuka. Simama mbele ya dirisha lililorudishwa, utazame mwanya kati ya bawa na fremu: upande wa kishikio, juu umepanuka na chini umebana. Mara nyingi utakuta na mkwaruzo kwenye fremu pale bawa linapojiburuta. Kisha lifungue, ulishike kwa chini, ulinyanyue kidogo. Likicheza kwenye bawaba, umeshapata jibu.

Anza kwa kukaza skrubu za bawaba. Tundu likiwa limelika, tia skrubu nene zaidi au sogeza tundu. Usijaze gundi na kuomba ishike. Bawaba zilizokwisha hubadilishwa zote mbili kwa pamoja, kwa sababu mpya ikiwekwa na kuukuu, bawa linavutwa upande mmoja. Kama bawaba hazina kosa, ni dirisha la PVC au la alumini, na kioo kimewahi kubadilishwa, shuku vile vipande vidogo vya plastiki vinavyokaa kati ya kioo na fremu ya bawa. Kimoja kinatakiwa kona ya chini upande wa bawaba, kingine kona ya juu upande wa kishikio, ili kioo chenyewe kilishikilie bawa kwa mshazari lisilale. Nimefungua mabawa ambayo fundi aliyetangulia alivitupia vyote chini katikati. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kubadilisha kishikio mara mbili, na mara zote mbili aliuziwa bila kuulizwa swali hata moja. Hilo linaniuma kwa sababu ni pesa ya mtu imetupwa.

Bawa likishakaa sawa, ndipo unapogusa pini. Nyingi haziko katikati ya mhimili wake. Ukizizungusha kwa spana ya pembe sita zinasogea milimita moja hivi kuelekea ndani au nje, na dirisha linabana zaidi au pungufu. Zungusha kidogo, jaribu, zungusha tena. Nina mazoea ambayo nayasisitiza kwa kila mtu: paka pini chaki ya rangi, funga hadi pale kishikio kinapogomea, fungua, kisha tazama chaki imeacha alama wapi kwenye kipokeo. Alama ikiwa kwenye ukingo, unajua usogeze nini na kwa kiasi gani.

"Kaza tu, kitafunga." Hapana. Vishikio vingi ni vya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, na zinki haipindi sana kabla ya kukatika. Ukilazimisha, tundu la mraba ndani yake linalika na kuwa la duara, na kuanzia siku hiyo kishikio kinazunguka bure bila kusukuma chochote. Au meno ya giaboksi yanakatika, na giaboksi ni kazi kubwa kuliko kishikio. Basi kishikio kilichosingiziwa kinaishia kuharibika kweli. Ukitaka kusaidia, sukuma bawa kwa kiganja karibu na kona inayogoma huku unazungusha. Likifunga hivyo, umepata ushahidi mwingine kwamba bawa ndilo lililohama.

"Vishikio vyote ni sawa." Havifanani hata kidogo. Pima umbali kati ya skrubu mbili (milimita 43 ndiyo ya kawaida kwenye vishikio vingi vya aina hii), pima na urefu wa chuma cha mraba kinachotokeza nyuma. Kikiwa kifupi hakishiki giaboksi. Kikiwa kirefu, kishikio hakilali sawa juu ya bawa. Skrubu nazo zisiwe ndefu kuliko za awali. Nimeitwa kwenye kishikio kipya "kibovu" nikakuta ncha ya skrubu imekandamiza mtambo ndani. Nililegeza nusu mzunguko tu, kikaanza kuzunguka.

Vile vishikio vya zamani vyenye pua inayokalia kabari kwenye fremu vina kipimo chao: kimo kutoka kitako hadi chini ya pua. Kimo kikikosewa kwa milimita chache, pua hupita juu ya kabari au haiingii kabisa. Na pua ikilika kwa miaka, mara nyingi kuinua kabari kwa kipande chembamba chini yake kunatosha.

"Asubuhi linafunga, mchana linagoma, basi kishikio kinaanza kufa." Hilo ni jua. Fremu ya PVC yenye urefu wa mita 1.5 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka karibu milimita 3. Ya alumini, milimita 1. Uso wa nje ukichomwa na jua wakati wa ndani umepoa, bawa hupinda kidogo, na pini zilizokuwa zinaingia kwa shida hazina tena pa kupita. Mbao hufanya hivyo kwa unyevu, na huvimba kwa upana. Rekebisha saa ambayo linagoma, si saa ambayo limetulia. Na bawa la mbao usilipige randa msimu wa mvua ukalifurahia. Likikauka litakuachia mwanya.

Mafuta? WD-40, ile dawa ya kupuliza, ilibuniwa mwaka 1953 ili kufukuza maji na kuzuia kutu. Inalegeza kilichoganda, lakini ni nyepesi na haikai kwa muda mrefu pale vyuma vinaposuguana. Futa uchafu kwanza, kisha pini na vipokeo vipate grisi kidogo, maungio mafuta mepesi ya mashine. Ila kwenye bawaba za kuteleza, zile ambazo mkono wake huteleza kwenye reli, kile kitelezi kinachobana ndani usikipake chochote. Msuguano wake ndio unaozuia upepo usilibamize dirisha.

Na wale wanaosema ufunguo wa kishikio ndio unaoshikilia dirisha: ufunguo huzuia tu kishikio kisizunguke. Kinacholishikilia ni pini ndani ya vipokeo, na kama haziingii, unaweza kufunga ufunguo kila usiku na bado bawa likavutwa kwa nje. Wengine wakichoka hupiga skrubu kupitia bawa hadi kwenye fremu ili lisifunguke tena. Hao nawasihi wazitoe leo. Moto ukiwaka na moshi ukajaa kwenye korido, dirisha la chumba cha kulala huenda ndiyo njia pekee iliyobaki, na ufunguo wake ukae karibu nalo, mahali ambapo kila mtu wa nyumba hiyo ataupapasa gizani na kuupata.